MCHAKAMCHAKA SIYO MASHINDANO: HISTORIA FUPI KWA WEWE UNAYEJIANDAA KWENDA JKT

Leo tuwaache mastaa wapumzike. Kuna wadogo zetu wengi wanajiandaa kwenda jeshini na hofu yao kubwa ni moja tu, pumzi. Mimi yalishanikuta. Siku ya usaili nilichomoka kama mshale, dakika mbili naongoza, ya tatu niko pembeni nimeshika mbavu. Nafasi ikapita hivyo hivyo. Kilichoniuma zaidi, alinipita dada mmoja mwembamba anakimbia taratibu kama mtu anayetoka kisimani. Jina lake silijui mpaka leo.

Baadaye nikaanza kusoma, nikagundua yule dada alikuwa anafanya jambo la kale sana.

Tuanze na Warumi. Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, mwandishi wao mmoja wa mambo ya vita alieleza jinsi ya kumfundisha kuruta. Cha kwanza kilikuwa kutembea! Maili 20 za Kirumi, yaani karibu kilomita 30, kwa muda wa saa tano za kiangazi, wote kwa hatua moja. Kukimbia na kuruka kulikuwemo pia, lakini msingi ulikuwa mwendo wa pamoja.

Ukiruka msingi huo mwili unakudai. Mwaka 1855 daktari mmoja wa jeshi la Prussia aliandika kuhusu askari waliovimba na kuumwa nyayo baada ya safari ndefu za miguu. Sababu haikujulikana mpaka picha za eksirei zilipokuja mwishoni mwa karne ile, zikaonesha mifupa imepata nyufa. Mapafu huzoea mapema, mifupa inachelewa. Ndiyo maana kijana anayejisikia vizuri wiki ya tatu ndiye anayeumia wiki ya nne.

Sasa turudi nyumbani. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga kulazimishwa kwenda, na Mwalimu akawarudisha makwao. Utaratibu wa mujibu wa sheria ukasitishwa 1994, ukarejea 2013. Muulize aliyepita zamani au juzi, wote watakutajia mchakamchaka wa alfajiri. Mmoja anaanzisha wimbo, kundi zima linaitikia, miguu inafuata.

Hebu fikiria hapo. Mtu anayeitikia wimbo huku anakimbia maana yake bado ana pumzi. Wimbo ukikushinda, umezidisha mwendo. Leo walimu wa mazoezi wanamwambia anayeanza akimbie kwa mwendo ambao anaweza kuongea. Maelfu ya makuruta ambao hakuna kitabu kinachowataja walishalijua hilo kwa miguu yao.

Kwa hiyo mdogo wangu, fanya hivi:

1. Siku tatu kwa wiki, usiunganishe siku mbili. Kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8.

2. Imba au ongea unapokimbia. Ukishindwa, punguza mwendo. Usione aibu.

3. Kila wiki ongeza kidogo dakika za kukimbia, punguza za kutembea. Ukifika dakika 20 mfululizo, ndipo uanze kutafuta kasi, tena siku moja tu kwa wiki.

4. Usianze na buti. Anza na raba, kwenye njia ya vumbi au uwanja wa majani.

5. Muundi ukiuma sehemu moja kila siku, pumzika. Kifua kikibana au ukisikia kizunguzungu, nenda kwa daktari kabla ya kuendelea.

6. Pima maendeleo. Mwaka 1968 daktari mmoja wa jeshi la anga la Marekani alichapisha kipimo rahisi: kimbia dakika 12, angalia umefika wapi. Rudia baada ya mwezi, shindana na wewe wa mwezi uliopita.

Jipe miezi mitatu. Mimi nilijipa wiki moja, nikavuna nilichopanda.

Siku hizi naamka saa kumi na moja, nakimbia naimba peke yangu, majirani wanacheka. Nafasi zikitoka tena, nitaomba. Na nikimkuta yule dada ni afande wangu, nitampigia saluti kwa roho safi.

Uliyepita JKT, tuambie hapo chini: wiki ya kwanza ulikata pumzi dakika ya ngapi? Usidanganye!