Reli ya Usambara na Milima Ambayo Haikuipanda

Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 chini ya utawala wa Wajerumani, ilipewa jina la milima ambayo njia yake kuu haikuipanda, kwani kuanzia Korogwe ilishika bonde la mto Pangani na kuziacha safu za Usambara, kisha za Pare, upande wake wa kulia. Bonde hilo lilikuwa limekwisha kuzoea wasafiri. Katika karne ya 19 lilipitiwa na misafara, yaani makundi ya wafanyabiashara na wapagazi waliobeba nguo na pembe za ndovu, na ndiyo sababu Semboja, mwana wa mtawala wa Wasambaa Kimweri ye Nyumbai, aliweka makao yake Mazinde, tambarare, ilhali baba yake alitawala kutoka Vuga mlimani.

Ujenzi ulisuasua: kampuni iliyouanzisha iliishiwa fedha baada ya kufika Muheza mwaka 1896, serikali ikaichukua reli mwaka 1899, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Iliyotarajiwa kuijaza mabehewa ni kahawa ya milimani, lakini iliyoyajaza hasa ni katani ya mkonge, mmea ulioletwa na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf kutoka Florida.

Mombo ndipo historia ya reli hii inapostahili kutazamwa kwa makini zaidi, ingawa masimulizi mengi ya reli huipita kama stesheni nyingine yoyote. Aliyekwenda Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal wakati huo, alishuka hapo na kuukabili mlima wa takriban meta 1,000 kwa barabara iliyochongwa ubavuni mwa korongo kupitia Soni, barabara ambayo baadaye ikawa ya mabasi yanayopanda na abiria na kushuka na matenga ya kabichi, karoti na matunda ya plamu. Magogo ya mierezi ya Shume nayo yalishushwa kwa waya wa angani hadi stesheni ya Mkumbara. Hivyo mlima uliilisha reli bila kufikiwa nayo.

Mwaka 1963 reli hiyo iliunganishwa na Reli ya Kati, inayoanzia Dar es Salaam, kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, na treni za abiria, zilizokuwa zimesimama tangu miaka ya 1990, ziliporudi kwenda Moshi Desemba 2019, zilianzia Dar es Salaam, si Tanga.