Watoto Wetu Waliojifunza Kutafiti Ukimwi

Akina mama hapa Kangeta huniuliza, "Sista, hayo mambo ya maziwa na virusi, madaktari waliyajuaje?" Leo keti, nikusimulie.

Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka wa 1984. Siku hizo Waafrika waliosomea utafiti wa ugonjwa huu walikuwa wachache. Mwaka wa 1988 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwafunza, na Chuo Kikuu cha Washington kikapokea madaktari kutoka Nairobi. Miongoni mwao walikuwa Ruth Nduati na Dorothy Mbori-Ngacha, madaktari wa watoto.

Swali lao lilikuwa lako, mama: ninyonyeshe au nitumie chupa? Kuanzia 1992 hadi 1998, wao na wenzao walifuatilia akina mama 425 wa Nairobi wenye virusi, waliogawanywa kwa kura katika makundi mawili. Majibu yalitolewa mwaka wa 2000. Kufikia umri wa miaka 2, karibu watoto 37 kati ya 100 waliopangiwa kunyonya walikuwa wameambukizwa. Kwa wa chupa, walikuwa karibu 21. Lakini vifo vilikaribiana katika makundi yote mawili, ingawa akina mama hao walikuwa na maji ya bomba. Basi chupa peke yake haikuwa dawa.

Hayo yalikuwa kabla ya ARV kutufikia. Leo, mama mwenye virusi anayemeza ARV kila siku hunyonyesha, na hatari ni ndogo sana. Mpe maziwa ya mama pekee miezi 6, kisha ongeza chakula huku ukiendelea kunyonyesha. Mtoto naye apewe dawa ya kinga na apimwe kama utakavyoelekezwa kliniki.

Sasa, mama, una kijana anayependa sayansi? Usimvunje moyo. Jamii ndogo ndizo zinazohitaji watafiti wao zaidi. Mama Mborana wa Isiolo akiombwa kushiriki utafiti, ni nani atakayemweleza kwa lugha yake kwamba ana haki ya kuuliza, kukataa, au kujitoa wakati wowote? Mtoto wa kwao akifunzwa, atamweleza, naye atauliza maswali ambayo mgeni hayafikirii.

Mpaka wiki ijayo, tukijaliwa. Kaa salama.