Ureno: Vita na Madarasa

Kwa miaka mingi Ureno ilikuwa jirani wa Tanzania. Haikuwa jirani kwa jiografia, kwani Lisbon iko mbali mno na Mtwara. Ilikuwa jirani kwa mabavu, ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika ardhi ya Msumbiji, mpaka tarehe 25 Juni, 1975. Wapiganaji waliolinda mpaka huo walilifahamu jeshi la Ureno kwa silaha zake. Lisilofahamika sana ni kwamba wengi wa askari walioletwa kutoka Ulaya kuja kuutetea ukoloni walikuwa wana wa nchi iliyowanyima elimu wao wenyewe.

Utawala wa Salazar, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 1932 hadi 1968, uliamini kwamba mtoto wa mkulima anatosheka na kusoma, kuandika na kuhesabu. Tangu mwaka 1930 elimu ya lazima ilikuwa imekatwa ikawa miaka 3 tu. Mwaka 1936 vyuo vya walimu wa shule za msingi vilizuiwa kupokea wanafunzi wapya, navyo havikufunguliwa tena mpaka mwaka 1942. Katika vijiji vingi kazi ya ualimu walipewa watu wenye elimu haba na ujira mdogo. Mwaka 1956 wavulana waliongezewa mwaka wa 4 wa lazima. Wasichana walingoja mpaka mwaka 1960.

Baada ya miaka hiyo michache njia ziligawanyika. Watoto wachache, hasa wa mijini na wa wenye uwezo, waliendelea na shule za sekondari za kitaaluma. Wengine walipelekwa shule za ufundi. Walio wengi walirudi shambani au kwenda viwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kila watoto 100 wenye umri wa kuwa darasa la 7 hadi la 9, waliokuwamo madarasani humo hawakufika hata 10.

Mwaka 1964 uliweka mambo mawili katika mizani moja. Mwezi wa Julai serikali ya Lisbon ilitunga sheria ya kufanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 6. Tarehe 25 Septemba, mwaka huohuo, FRELIMO ilianza vita vya ukombozi kaskazini mwa Msumbiji. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza Angola mwaka 1961 na Gine-Bisau mwaka 1963. Sheria ya shule ilihitaji walimu, majengo na vitabu. Vita vilihitaji ndege, risasi na watu. Serikali ilichagua vita. Gharama za kijeshi zilifikia kiasi cha asilimia 40 ya matumizi ya serikali. Vijijini watoto waliwekewa televisheni ya masomo, iliyoanza mwaka 1965, mahali ambapo walimu hawakutosha. Vijana kwa mamia ya maelfu waliihama nchi kwenda Ufaransa, wengi wao kwa siri, wakikimbia umaskini na kuandikishwa jeshini. Mwaka 1970, mtu mmoja katika kila wanne nchini Ureno alikuwa hajui kusoma.

Jeshi lenyewe lilivuna lililopandwa. Ofisa wa chini hupatikana miongoni mwa vijana waliosoma sekondari, na hao walikuwa wachache. Kadiri vita vilivyorefuka, ndivyo waombaji wa Chuo cha Kijeshi walivyopungua. Mwezi wa Julai, 1973, serikali ya Caetano, mrithi wa Salazar, ilitoa amri ya kuwaruhusu maofisa wa muda kuingia katika jeshi la kudumu kwa kozi fupi. Makapteni wa kudumu waliona wamedharauliwa. Manung'uniko yao yaliungana na uchovu wa vita visivyo na ushindi, yakazaa chama cha siri cha maofisa, na tarehe 25 Aprili, 1974, chama hicho kiliuangusha utawala wa kifashisti.

Upande wa pili wa vita mambo yalikuwa kinyume. Wapigania uhuru, pamoja na uhaba wao wa kila kitu, hawakungoja amani ndipo wafundishe. Mwaka 1963 Taasisi ya Msumbiji ilianzishwa Dar es Salaam, na baadaye FRELIMO iliendesha shule ya sekondari Bagamoyo. Kwao darasa lilikuwa sehemu ya mapambano.

Ureno mpya iliziunganisha shule za kitaaluma na za ufundi katika hatua ya kwanza ya sekondari kuanzia mwaka wa masomo 1975/76. Hata hivyo kufungua mlango si kujaza nyumba. Shule zilifurika, wanafunzi wakasoma kwa zamu, walimu wengi wakafundisha bila mafunzo. Mwaka 1980 watoto waliokuwa katika hatua hiyo kwa umri wao walikuwa kama robo tu. Mwaka 1986 elimu ya lazima ilifanywa miaka 9, na kufikia mwaka 1990 idadi ilikuwa kama nusu. Viwanda vya nguo na viatu vya kaskazini viliendelea kuwavuta watoto kabla hawajamaliza. Mwaka 1992, nusu ya vijana wa miaka 18 hadi 24 walikuwa wameacha masomo bila kumaliza sekondari. Mwaka 2002 walikuwa bado asilimia 45. Ndipo mwaka 2009 elimu ya lazima ikafikishwa miaka 12, na mwaka 2020 walioacha mapema walishuka chini ya asilimia 10.

Hapo tena jambo jingine lilijitokeza. Mwaka 1960 nchini humo walizaliwa watoto zaidi ya 200,000. Mwaka 2014 walizaliwa kama 82,000. Maelfu ya shule ndogo za vijijini zilifungwa kwa kukosa wanafunzi. Wakati watoto walipokuwa wengi, nafasi zilikuwa chache. Nafasi zilipopatikana, watoto walikuwa wamepungua.

Vita vya Ureno barani Afrika vilidumu miaka 13. Deni la madarasa lililipwa kwa zaidi ya miaka 40, na waliolilipa si wale waliolikopa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Taifa linalowanyima watoto wake elimu ili lipate fedha za kuwatawala wengine hupoteza yote mawili: hao wengine hujikomboa, na watoto wake hubaki nyuma.