Shilingi Chache Kabla ya Daktari

Desemba 1989, wagonjwa waliofika katika hospitali na vituo vya afya vya serikali nchini Kenya walielekezwa kwanza kwenye dirisha la malipo. Ada ya shilingi 5 iliyoachwa na mkoloni ilikuwa imefutwa tangu 1965, na matibabu ya bure yakahesabiwa kuwa tunda la uhuru. Sasa hazina ilikuwa imebanwa, na Benki ya Dunia ilikuwa ikizihimiza nchi maskini ziwatoze wagonjwa. Mpango ukapewa jina la upole: kuchangia gharama.

Hoja ya waliouunga mkono ilikuwa na uzito. Robo tatu ya makusanyo ingebaki palepale yalipokusanywa, ikanunue dawa na kukarabati majengo.

Lakini watu waliacha kuja. Katika vituo vilivyochunguzwa na wanauchumi, mahudhurio yalishuka kwa takriban nusu. Ushahidi unaoumiza zaidi ulitoka kwenye kliniki ya serikali ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi. Katika miezi tisa ya ada, wanaume waliohudhuria kila mwezi walipungua hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Hayo yalitokea UKIMWI ukisambaa, na kisonono au kaswende isiyotibiwa humrahisishia mtu kuambukizwa virusi vyake. Aliyekosa ada hakubaki na ugonjwa peke yake. Mwenzi wake naye aliubeba.

Septemba 1990 ada hiyo, iliyotozwa wakati wa kujiandikisha, ikasitishwa. Katika kliniki hiyo wanawake walirudi, tena asilimia 22 zaidi ya walivyokuwa kabla ya ada. Wanaume walifikia asilimia 64 tu ya idadi ya awali. Dirisha lilikuwa limefungwa, na bado wengi wao hawakuonekana.

Muda si mrefu malipo yakarejea kwa awamu, safari hii yakidaiwa kwa matibabu.

Mwaka 2004 serikali ilijaribu njia ya kati: shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. Vituo vingi viliendelea kudai zaidi, na si haki kuwabebesha wauguzi lawama yote. Fedha hizo ndizo zilizomlipa mlinzi na mfagiaji, ndizo zilizonunua sabuni. Serikali inayofuta ada bila kupeleka fidia kwa wakati humwacha muuguzi achague kati ya kuvunja amri na kufanya kazi mikono mitupu.

Juni 2013 ada hizo zilifutwa kabisa katika ngazi hizo mbili, na kujifungua kukawa bure katika hospitali zote za umma.

Tangu Oktoba 2024 mzigo umehamia kwenye michango ya SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mama mboga hukadiriwa mapato yake, na mwanzoni alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo: si chini ya shilingi 3,600, kabla bima haijamgharamia hata siku moja ya kulazwa.