Mababu Zetu Walitembea: Njia ya Ujiji, Shangazi Yetu na Sukari ya Damu



Mwaka jana, tukiwa na umri wa miaka 46, tulikwenda kupimwa afya. Hatukwenda kwa hiari. Mama watoto alituona tunahema kwa kupanda ngazi za madrasa tu, akasema hatapika chakula cha usiku mpaka tupeleke damu ikapimwe. Tukaenda asubuhi na tumbo tupu, na majibu yakaja: sukari 118. Daktari akatueleza kuwa chini ya 100 ni salama, na 126 kwenda juu ni ugonjwa wa kisukari. Sisi tulikuwa katikati, tunaelekea huko.

Kisha akatuuliza swali dogo. "Mwalimu, kwa siku unatembea kiasi gani?"

Tukafikiri. Asubuhi tunafundisha tumekaa. Baada ya Alasiri tunafundisha tumekaa. Msikitini tunapelekwa na gari la jirani. Jioni tunakunywa chai ya sukari na sambusa, tumekaa. Tukaona haya, na ili tujitetee tukasema, "Lakini daktari, sisi ni watu wa safari. Babu zetu walitoka pwani kwa miguu mpaka ziwa hili." Daktari akacheka, akajibu, "Basi wao walikwisha kutembea. Wewe je?"

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Tunapenda kueleza historia mbili kwa pamoja: ya njia waliyopita wazee wetu, na ya namna sisi tulivyoanza kutembea uzeeni kwa kuchelewa. Mwisho wake tulikuta jambo ambalo hatukulitegemea.

Njia yenyewe

Sisi Waislamu tunaokaa Bujumbura, hasa mtaa wa Buyenzi, tunasema Kiswahili nyumbani, na watoto wengi hawajui kwa nini. Kiswahili kilifika huku kwa miguu.

Katika karne ya 19 njia kubwa ya biashara ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Unyamwezi, kisha ikateremka mpaka Ujiji, mashariki ya Ziwa Tanganyika. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Wafanyabiashara wa pwani walianza kufika Ujiji tangu miaka ya 1840. Mwingereza Burton na mwenzake Speke walipofika hapo Februari 1858 hawakugundua kitu kilichofichika. Walifuata njia iliyokwisha kukanyagwa, wakiongozwa na watu walioijua. Stanley naye alipomkuta Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871, alikuwa amepita njia za misafara hiyohiyo.

Mizigo ilichukuliwa kichwani na mabegani, kwa sababu mbung'o waliua ng'ombe na punda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kwao kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa mtu mzima. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na mkeka wake, sufuria na silaha. Kwenda pwani walibeba pembe za ndovu, na kurudi walibeba nguo, shanga na nyaya za shaba.

Waliondoka alfajiri kabla ya jua kuwaka, kirangozi mbele, wakaenda saa nne au tano, kisha wakapiga kambi kabla ya adhuhuri. Kwa siku walikwenda kilomita kama 15 hivi. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, karibu gramu 700, na mboga ajitafutie mwenyewe. Wanafunzi wetu tuliwapa hesabu hii ubaoni: mtu anakula kibaba kimoja cha mtama, anabeba kilo 32, anakwenda kilomita 15, na kesho tena. Mmoja akanyoosha mkono akasema, "Maalim, ndiyo maana hawakuwa na tumbo." Darasa zima likatuangalia sisi.

Tusiipambe, hata hivyo. Wapagazi wengi walikufa njiani kwa ndui, kuhara na njaa. Mwendo ule haukuwa mazoezi. Ilikuwa kazi ngumu, na kwa wengine ilikuwa adhabu bila kosa, kama tutakavyoona.

Tunaanza kutembea

Daktari alitushauri dakika 150 za mwendo wa haraka kila wiki, kipimo kilekile kinachotolewa na Shirika la Afya Duniani kuwa ndicho cha chini kwa mtu mzima. Ni nusu saa kwa siku, siku tano. Akatuambia tupunguze sukari kwenye chai, wali usiwe mlima, na samaki apikwe kwa mafuta kidogo. Hilo la samaki halikuwa gumu, kwani mukeke na ndagala wa ziwa letu ni neema.

Jumamosi moja asubuhi tuliwaona watu wakikimbia makundi kwa makundi, wengine wakiimba. Tulijaribu kujiunga nao. Hatukumaliza hata barabara mbili. Tukakaa juu ya jiwe, vijana tuliowafundisha alif na bee wakatupita wakisema, "Pole, Maalim!"

Siku hiyo tuliikumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) na mama yetu Aisha (r.a.), kwamba walishindana mbio safarini, Aisha akashinda. Ikapita miaka, Aisha akanenepa, wakashindana tena, na safari hiyo Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni kwa ile. Wengi tunaisoma kama habari ya mapenzi ya mume na mke, na ni kweli. Lakini ndani yake mna habari ya mwili pia. Mwili wa mwanadamu hubadilika, wala si aibu, na mwenye kunenepa hakuambiwa akae asikimbie.

Basi tukaacha kukimbia, tukachagua kutembea. Na kwa kuwa kutembea bila mahali pa kwenda hutuchosha moyo, tukaweka nia moja: kila asubuhi ya mapumziko tutakwenda kwa miguu mpaka Kinama, kumtembelea shangazi yetu, dada mkubwa wa marehemu baba. Ni mwendo wa karibu saa moja kwa mtu wa umri wetu. Tukasema tutapata mambo mawili kwa safari moja, afya na kuunga udugu. Ukweli ni kwamba tulikuwa hatujamwona kwa miezi minane, naye yuko katika mji huuhuu.

Alichotuambia shangazi

Shangazi yetu amepita miaka 80. Siku ya kwanza alituuliza kama tumefiwa, maana alituona tumekuja kwa miguu na jasho. Siku ya tatu akazoea, akawa anatuwekea maji. Siku ya tano tukamwomba atusimulie habari za wazee, ili tuwaandikie watoto.

Katika ukoo wetu tumekuwa tukisema hivi: babu wa baba yetu alikuwa tajiri wa pwani, alikuja na msafara wake, akaoa, akakaa. Tuliwahi kuyasema hayo hata mbele ya wanafunzi. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, nani kakwambia hayo? Babu alikuwa mpagazi. Na bibi yetu hakuja kwa kupenda."

Bibi huyo, mama wa babu yetu, shangazi alimdiriki akiwa msichana mdogo miaka ya 1950, naye bibi ni kikongwe. Alizaliwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, upande wa mto Lualaba. Akiwa mtoto alikamatwa, akaendeshwa kwa miguu pamoja na wengine mpaka ziwani, akavushwa kwa mtumbwi mpaka Ujiji. Kutoka Kasongo mpaka ziwani ni zaidi ya kilomita 250 hata ukipima kwa kunyoosha kamba. Alimwambia shangazi kuwa anakumbuka mambo mawili tu ya safari ile: miguu, na mkono wa mama mmoja asiyemjua aliyemshika siku zote, mpaka siku moja mkono ule haukuwapo tena.

Hatukuongea kwa muda. Shangazi akatutazama akasema, "Ulitaka historia. Ndiyo hiyo."

Hapa lazima tuseme wazi, kwa kuwa sisi ni walimu. Njia iliyoleta Kiswahili na madrasa huku bara ndiyo njia iliyopitisha watumwa. Pembe na watu vilikwenda pamoja. Majina makubwa ya wakati ule, kama Tippu Tip (Hamed bin Muhammad el Murjebi) upande wa Manyema, na Rumaliza (Muhammad bin Khalfan) hapo Ujiji, hayatajwi kwa ukweli bila kutaja jambo hilo. Rumaliza alijaribu hata kuishambulia Burundi, na jeshi la Mwami Mwezi Gisabo likamzuia. Waliofanya hayo walikuwa Waislamu, na waliofanyiwa, wengi wao, baadaye wakawa Waislamu vilevile. Sisi ni watoto wa pande zote mbili.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara mambo hayakwisha siku hiyo. Vita vya Wabelgiji na wafanyabiashara hao katika Kongo, 1892 hadi 1894, vilivunja nguvu yao ya Manyema. Wajerumani walipotawala hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Waliamuru kuwa watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Jina la waungwana

Kuna neno moja ambalo tulilisoma miaka mingi bila kulisikia. Watu wa misafara na wa miji kama Ujiji na Kasongo walijiita waungwana. Kwa asili mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Lakini bara wengi waliojiita hivyo walikuwa wametoka utumwani, au wazazi wao walitoka huko. Walisilimu, wakasema Kiswahili, wakavaa kanzu na kanga, wakajipa jina ambalo walinyimwa. Kiswahili cha Kongo kikaitwa Kingwana kwa ajili yao. Basi bibi yetu naye aliitwa mwungwana, na shangazi anasema alipenda sana kuitwa hivyo.

Babu mpagazi alimwoa Ujiji. Wajerumani walipojenga boma lao Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, mwishoni mwa miaka ya 1890, palihitajika wachukuzi, askari na wachuuzi, na watu wengi wa Ujiji na Manyema wakahamia huko. Wao wawili walikuwa miongoni mwao. Waliuza chumvi ya Uvinza na mawese. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, kazi ya misafara mikubwa ikafa. Kisha vikaja vita, wanaume wakachukuliwa tena kubeba mizigo ya majeshi, na wengi hawakurudi. Kuanzia 1916 Wabelgiji wakatawala, na katika zama zao Waswahili wakawekwa katika mtaa wao wa Buyenzi, wenye barabara zilizonyooka na kuitwa kwa namba. Ndipo alipozaliwa baba yetu.

Tulivyowaambia watoto

Tulirudi kutoka Kinama siku hiyo bila kuona njia. Swali lilikuwa moja: tuwaambie watoto, au tuendelee na tajiri wetu wa pwani? Ndugu yetu mmoja alisema, "Acha. Itawaharibia ndoa binti zetu." Hatumlaumu. Aibu hii ni ya kale, na imefundishwa vizuri kuliko masomo mengi.

Lakini tukajiuliza tunafundisha nini kila jioni. Tunasomesha kuwa ubora mbele ya Mwenyezi Mungu ni ucha Mungu, si nasaba. Tunasimulia habari za Bilal (r.a.), aliyekuwa mtumwa, akawa mwadhini wa Mtume. Kama Bilal ni fahari yetu darasani, vipi bibi yetu awe aibu yetu nyumbani?

Basi Ijumaa moja baada ya chakula tukawakusanya watoto wetu tukawaambia kama tulivyoambiwa. Binti yetu wa miaka 11 akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi?" Tukamjibu kuwa shangazi anadhani saba au minane. Akanyamaza, kisha akasema, "Kesho na mimi nitakwenda kwa shangazi kwa miguu."

Amekuwa akija nasi tangu siku hiyo. Baada ya miezi saba tulipimwa tena, sukari ikawa 104. Daktari alisema bado tusishangilie, tuendelee. Kilo sita zimepungua, na ngazi za madrasa tunazipanda bila kusimama.

Ndugu zetu, mwili ni amana na habari za wazee ni amana. Vyote viwili hupotea kwa kukaa. Kila mmoja wenu anaye mzee wake, mtaa wa pili au wa tano. Mwendee kwa miguu ikiwa afya inakuruhusu, na ukiwa na maradhi muulize daktari kwanza. Ukifika, kaa, muulize alitoka wapi, na usimkatize atakapokwambia jambo ambalo hukutaka kulisikia.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotembea kwa kupenda na waliotembezwa kwa nguvu, na atupe afya ya kuwatendea haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.