Makumbusho Pasipo Nishani: Nyandika Maiyoro na Historia ya Riadha ya Abagusii

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbusha, wala si kumbuka. Kwa hiyo linadai pande mbili: akumbushaye na akumbushwaye. Jumba lenye vitu vilivyofungiwa kiooni, pasi na mtu wa kuvisimulia, ni ghala tu. Mnyambuliko huo una uzito wake kwa Abagusii, ambao mwanariadha wao aliyewafungulia wengine njia hakuacha nishani ya Olimpiki.

Huyo ni Nyandika Maiyoro. Mwaka 1953, huko Antananarivo, yasimuliwa kwamba mbio za mita 3,000 zilianzishwa kabla yeye hajawa tayari. Wenzake walikuwa wamekwisha kutangulia kiasi cha yadi mia alipoingia uwanjani. Akawafukuzia, akawapita wote. Msimulizi hodari haharakishi hapo: humweka Maiyoro kando ya uwanja mpaka wasikilizaji waanze kunung'unika. Mwaka 1954 akawa wa nne katika maili tatu kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, Vancouver. Wako Wazungu wa zama hizo walioshikilia kwamba Mwafrika hana subira ya mbio ndefu. Dai hilo likaanza kulegea. Melbourne 1956, Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, alikuwa wa saba katika mita 5,000. Roma 1960, wa sita.

Nishani zilikuja baadaye. Naftali Temu, naye Mgusii, aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000, Mexico City, 1968. Yobes Ondieki akawa binadamu wa kwanza kukimbia masafa hayo chini ya dakika 27, Oslo, 1993. Lakini ikiwa makumbusho yatapimwa kwa dhahabu, historia itaanzia 1968, na Maiyoro atabaki jina ukutani. Hilo ni kosa, tena si dogo.

Mgeni afikaye Nyamarambe, katika Mugirango Kusini, hayuko mbali na Tabaka, kwa wachongaji mashuhuri wa jiwe laini la Kisii. Mikono ya kumchonga mkimbiaji, basi, haikosekani. Ila jiwe laweza kuonyesha mtu akikimbia. Kuchelewa kwake, na hofu ya watazamaji, havichongeki. Hivyo vimo katika sauti. Temu alifariki Machi 2003, Maiyoro Februari 2019, na waliowaona vijanani mwao sasa ni wazee.

Yafaa basi idara za lugha zitangulie na vinasa sauti kabla ya waashi. Simulizi zichukuliwe kwanza kwa Ekegusii, kwa mizaha na vituo vyake, ndipo zifasiriwe kwa Kiswahili. Hata zile yadi mia yamkini zitaongezeka au kupungua kutoka kinywa hadi kinywa. Tofauti hizo zihifadhiwe pia, zisisahihishwe.