Kodi Iliyotaka Kukwepwa

Uingereza ilianza kuitoza sukari ushuru katika karne ya 17, na kwa muda mrefu mtoza ushuru hakuwa na habari na meno ya mtu wala kitambi chake. Shida yake ilikuwa fedha. Ushuru huo ulipofutwa mwaka 1874, bei ilishuka, na chai tamu na mkate wa jemu vikazidi kuwa riziki ya vibarua wa viwandani. Mwaka 1901 ukarudishwa, maana Vita vya Makaburu vilikuwa vinakausha hazina. Kodi ya aina hiyo huombea watu wazidi kunywa. Kodi ya soda iliyoanza tarehe 6 Aprili 2018 si ya ukoo huo, na ushahidi umo katika hesabu zake. Kinywaji chenye gramu 5 za sukari katika mililita 100 kilitozwa peni 18 kwa lita. Kikifika gramu 8, peni 24. Chini ya gramu 5, hakikutozwa kitu. Tangazo lilitolewa Machi 2016, kwa hiyo viwanda vilipata miaka miwili ya kubadili mapishi. Irn-Bru, soda ya rangi ya machungwa ambayo Waskoti huionea fahari, ilishuka kutoka zaidi ya gramu 10 hadi chini ya 5, na wapenzi wake wakakimbilia kulimbikiza makopo ya zamani. Hazina ilitarajia pauni milioni 520 kwa mwaka wa kwanza. Siku ya kuanza ilipofika, makadirio yalikuwa 240. Kwa waziri wa fedha wa 1901, huo ungekuwa msiba.

Husemwa kwamba kodi hii humkamua maskini. Hoja hiyo ina uzito pale kila lita inapotozwa sawasawa, iwe na sukari kidogo au tele, kama peso 1 iliyoanza kutozwa Mexico mwaka 2014. Hata hivyo, huko nako kaya za kipato cha chini ndizo zilizopunguza zaidi kununua. Denmark nayo iliifuta kodi yake ya soda mwaka 2014, wanunuzi wakiwa wamezoea kuvuka mpaka kufuata soda za Ujerumani. Lakini soda iliyokwisha kupunguzwa sukari kiwandani haimpandishii mnywaji bei, wala haimpi sababu ya kusafiri. Aliyegoma kubadili ndiye aliyelipa: Coca-Cola ya asili ilibaki na gramu 35 katika kopo la mililita 330, na kodi ya kopo hilo ilikuwa karibu peni 8.